Hatua Mbili kutoka kwa Bibi

Babu alipofariki mwaka 2011, kitu cha kwanza kutusumbua pale nyumbani hakikuwa jeneza wala ng'ombe wa msiba. Ilikuwa picha. Turubai lilishafungwa, akina mama walishawasha moto nyuma ya nyumba, watu wa Akeri na Nkoaranga walishaanza kupanda kilima kwa miguu, na sisi tulikuwa bado tunapekua makabati. Mzee wa miaka 80 na kitu, baba wa watoto tisa, na hatukuwa na picha yake hata moja ya kuweka mbele ya watu. Mwishowe ikapatikana moja ya harusi ya mwaka 1994. Babu yuko mstari wa nyuma, wa tatu kutoka kushoto, nusu ya shavu imefunikwa na kofia ya shangazi. Baba mdogo akashuka nayo mjini kwa bodaboda, kijana mmoja wa studio akaikata, akaikuza, akaifuta kofia kwa kompyuta na kumchorea Babu shavu jipya. Tulikaa na hiyo sura siku mbili. Bibi aliiangalia mara moja tu, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Huyu ni nani?"

Swali hilo limenigharimu hela nyingi. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikitafuta lenzi moja tu, ya kumpigia Bibi picha kabla hatujaanza tena kupekua makabati. Na kwa kuwa mimi ni mtu wa vitabu kuliko mtu wa kamera, kila nilipotaka kujua lenzi ipi ninunue niliishia kusoma ilitoka wapi. Nilichokusanya ndicho hiki. Anayetaka jibu la haraka la dukani aruke aya kadhaa, sitakasirika.

Kwanza niseme ninachokitafuta, maana lugha yetu haijakitolea jina fupi. Wapigapicha wa harusi hapa Arusha wanaiita tu "eiti-faivu", kwa sababu urefu wake wa fokasi, yaani umbali kati ya kioo na mahali picha inapotua, ni milimita 85. Ni ndefu kidogo kuliko jicho letu linavyoona, lakini si ile mizinga ya kupigia simba Serengeti. Na ina tundu kubwa. Tundu likiwa kubwa mwanga mwingi unaingia kwa muda mfupi, na ukipata muda mfupi unaweza kushika kamera mkononi bila kutegemea miguu mitatu. Mambo hayo mawili, urefu wa wastani na tundu pana, yalikutana kwa mara ya kwanza Vienna mwaka 1840.

Mwaka mmoja kabla yake, 1839, Daguerre alikuwa ameitangazia dunia mbinu yake ya kunasa picha kwenye bamba la fedha. Mandhari na majengo yalitoka vizuri. Binadamu ndiye aliyekuwa tatizo. Lenzi za wakati ule zilikuwa na tundu dogo la kama f/15, na mtu alitakiwa kukaa juani kwa dakika nyingi bila kupepesa. Joseph Petzval, profesa wa hisabati, hakuwa mpigapicha wala fundi wa vioo. Alikaa na karatasi akapiga hesabu. Inasimuliwa kwamba jeshi la Austria lilimpa askari wa mizinga waliozoea hesabu wamsaidie, nami huwa nafurahi nikifikiria hao mabombadia wakijumlisha na kutoa ili mtu apate kupigwa picha ya uso. Lenzi iliyotoka kwenye karatasi hizo ilikuwa na tundu la f/3.6. Ukifanya hesabu, inaingiza mwanga zaidi ya mara 15 ya zile za awali. Dakika zikawa sekunde. Fundi Voigtländer akaitengeneza, akaiuza, akatajirika. Petzval alilipwa mara moja, wakagombana, na mwaka 1859 nyumba yake ikavunjwa na hati zake nyingi zikapotea.

Kuna jambo moja kuhusu lenzi ya Petzval ambalo naona bado linatawala picha za uso hadi leo. Ilikuwa kali katikati tu. Pembeni ilizunguka na kufifia kama maji yanayozama kwenye shimo. Kwa mpima ramani huo ni ubovu. Kwa anayepiga uso ni sawa kabisa, maana uso uko katikati. Vijana wa sasa wanaolipia mamilioni ili nyuma ya bibi harusi "kuyeyuke" wananunua, bila kujua, ubovu wa mwaka 1840 uliotengenezwa upya kwa gharama kubwa.

Huku kwetu kamera ilikuja na wageni na ikakaa juu ya miguu mitatu. Zanzibar ilikuwa na studio tangu karne ya 19, akina Gomes na Coutinho, watu wa asili ya Goa. Mwaka 1930 Ranchhod Oza akafungua Capital Art Studio pale Mji Mkongwe, na mwanawe Rohit akaiendeleza kwa miongo. Mombasa alikuwepo Parekh, ambaye nyuso za watu wa pwani alizipanga kama mwandishi wa tamthilia anavyopanga wahusika. Wote hawa hawakuhitaji lenzi ninayoitafuta mimi. Mteja alikuja mwenyewe, amevaa, ameoga, ameamua. Taa zipo, kiti kipo, pazia lililochorwa bustani lipo. Ukiambiwa usitikisike, hutikisiki, umelipa hela yako.

Milimani ilikuwa tofauti. Picha za mwanzo za watu wa Meru na Kilimanjaro nyingi zilipigwa na wamisionari wa Leipzig, Walutheri wa Kijerumani. Historia yao huku Meru ilianza vibaya: mwaka 1896 wawili wa kwanza, Ovir na Segebrock, waliuawa pale Akeri, na serikali ya Kijerumani ikalipiza kisasi kikali. Baadaye wakarudi, wakajenga Nkoaranga, na wakaja na kamera. Nimeziangalia nyingi za picha zao kwenye kompyuta, usiku baada ya usiku. Ni picha safi. Mtu amesimamishwa wima, mbali kidogo, mzima kuanzia miguuni hadi kichwani, pamoja na mkuki au mtungi wake. Chini pameandikwa kabila, au kazi, au "mwanamke na mtoto". Majina ni machache mno. Kamera ya sahani za kioo iliwalazimisha kukaa mbali na kusubiri, hilo nalielewa. Lakini umbali ule haukuwa wa lenzi peke yake. Mtu unayemfahamu humsimamishi mita 5 mbali na kumwambia anyooke kama mti.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwamba suala la milimita ni suala la nani anasimama wapi.

Wengi tunadhani lenzi ndiyo inayobadilisha uso. Siyo. Umbali ndio. Kati ya ncha ya pua na sikio la mtu mzima kuna kama sentimita 12. Ukimpiga kwa simu ukiwa sentimita 40 kutoka kwake, pua iko sentimita 40 na sikio liko 52, kwa hiyo pua inaonekana kubwa kwa asilimia 30 kulinganisha na sikio. Ndiyo maana selfi zetu zote tuna pua za kaka mkubwa. Rudi nyuma hadi mita 2, na tofauti inashuka hadi asilimia 6. Uso unatulia, unakuwa ule tunaoujua tukiwa tumekaa naye sebuleni. Ila sasa ukiwa mita 2 na lenzi ya kawaida, Bibi anakuwa mdogo katikati ya kabati, kalenda na redio. Lenzi ya milimita 85, ukiisimamisha kamera wima kwenye umbali huo, inachukua kipande chenye urefu wa sentimita 85 na upana wa 56. Kichwa, mabega, mikono ikiwa imepakatwa. Basi. Huo ndio umbali wa mtu anayesimuliwa jambo. Kwetu tungesema hatua mbili kubwa.

Niliwahi kujaribu milimita 135 ya kuazima, maana vitabu vinaisifu sana. Kupata kipande kilekile ilinibidi kurudi nyuma zaidi ya mita 3. Sebule ya Bibi haina mita 3. Nilijikuta nimesimama nje mlangoni, kwenye matope, napiga picha ndani kama askari kanzu, na Bibi ambaye sikio lake la kulia limeshachoka anapaza sauti, "Unasemaje? Ingia ndani bwana, unanyeshewa!" Lenzi nzuri sana. Nilimrudishia mwenyewe kesho yake.

Sasa turudi kwenye tundu, na hapa niruke hadi Tokyo, mwaka 1950.

Kamera ndogo ya filamu ya milimita 35 ilikuwa imeshazoeleka tangu Leica ilipoingia sokoni mwaka 1925. Mtu alitembea na kamera mfukoni. Miaka ya 1930 Zeiss wakatoa Sonnar ya milimita 85 yenye tundu la f/2, mchoro wa Ludwig Bertele, na mtu akaweza kupiga uso kwa mkono, ndani ya nyumba, bila taa. Ilikuwa ghali na ilikuwa ya Kijerumani, na kwa wengi maneno hayo mawili yalikuwa na maana moja. Katikati ya 1950 kijana wa Kijapani, Jun Miki, aliyekuwa akifanyia kazi gazeti la Life, alimpiga picha mwenzake Mmarekani David Douglas Duncan akitumia lenzi ya Nikkor ya sentimita 8.5, f/2, iliyotengenezwa hukohuko Japani. Duncan alipoiona ile picha hakuamini. Wakati ule bidhaa ya Kijapani ilikuwa kama tunavyosema leo "ya Kichina" tukikunja midomo. Akaenda kiwandani kwa Nippon Kogaku, akazipima, akazichukua. Siku chache baadaye vita vya Korea vikaanza, na Duncan akaenda navyo huko, akapiga nyuso za askari wachovu, waliofungwa na baridi, wanaolia. Desemba mwaka huohuo New York Times ikaandika juu ya vioo hivyo vya Japani, na jina la Nikon likatoka.

Nilipoisoma tarehe hiyo nilisimama kidogo. Korea ilikuwa 1950. Mwaka uliofuata, Novemba 1951, serikali ya Kiingereza iliwahamisha Wameru Ngarenanyuki kwa nguvu, upande wa kaskazini wa mlima, ili ardhi igawiwe walowezi wa Kizungu wa kufuga ng'ombe. Watu wapatao 3,000 waliondolewa. Nyumba zilichomwa. Waliambiwa waende Kingori, kwenye joto na mbung'o. Mwaka 1952 Kirilo Japhet akapanda ndege hadi New York akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa kueleza kesi ya watu wake, miaka mitatu kabla Nyerere hajafika huko. Hakurudishiwa ardhi, lakini dunia ilisikia, na historia ya TANU haiandikiki bila yeye. Pamoja na wakili Earle Seaton aliandika kitabu juu ya kesi hiyo, kikachapwa mwaka 1967.

Bibi ni mtoto wa Ngarenanyuki. Alikuwa na miaka minane hivi. Anachokumbuka si Umoja wa Mataifa. Anakumbuka kuku. Anasema mama yake aliwafunga kuku miguu wawili wawili akampa yeye abebe, na njiani mmoja akafa, akaogopa kusema, akambeba hadi mwisho akiwa mfu. Hadithi hii ameisimulia mara nyingi, na kila akifika kwa yule kuku uso wake unafanya kitu ambacho siwezi kukieleza kwa maneno. Jicho la kushoto linapungua. Mdomo unataka kucheka na haucheki. Kinadumu kama nusu sekunde.

Hicho ndicho nilichotaka. Sikutaka Bibi aliyenyooka. Nilitaka nusu sekunde ile.

Nusu sekunde ndiyo inayodai tundu kubwa, na hapa wauzaji wengi huwa hawakuambii ukweli wote. Kanuni ya zamani inasema: ukishika kamera mkononi, kasi isiwe chini ya moja chini ya urefu wa lenzi. Kwa milimita 85 maana yake ni moja chini ya 100, na kwa usalama 125. Siku hizi kamera nyingi zina kifaa cha kutuliza mtikisiko ndani, na muuzaji atakwambia unaweza kwenda polepole zaidi. Kweli, mkono wako utatulizwa. Lakini kichwa cha Bibi nani atakituliza? Anatikisika kidogo, umri huo. Anacheka. Kasi ya 125 si kwa ajili yangu, ni kwa ajili yake.

Na mwanga haupo. Mtu wa Dar akisikia Afrika anafikiri jua. Aje Akeri mwezi wa saba. Mlima Meru, mita zake zaidi ya 4,500, unajifunika asubuhi na haujifunui. Ukungu unashuka hadi kwenye migomba. Nyumba yenyewe imezungukwa na kahawa na ndizi, madirisha ni madogo kwa sababu ya baridi, na kuta za jikoni zimefanywa nyeusi na moshi wa miaka 50. Lenzi iliyokuja na kamera yangu, ile ya bure, ikivutwa mbele inaishia f/5.6. Kati ya f/5.6 na f/1.8 tofauti ya mwanga ni karibu mara 10. Yaani pale ambapo f/1.8 inanipa kasi ya 125, ile ya bure inanipa 13. Kwa kasi ya 13 kuku, Bibi na nusu sekunde vyote vinakuwa uji.

Kuna lingine, nalo lina historia chafu kidogo. Kamera inapopima mwanga inadhani dunia nzima ni ya kijivu cha kati. Na filamu za rangi za Kodak kwa miongo zilisawazishwa kwa kadi zenye picha ya mwanamke wa Kizungu, kadi za "Shirley". Ngozi nyeusi ilitoka kama shimo lenye meno. Si bahati mbaya kwamba mwaka 1970 wafanyakazi weusi wa Polaroid huko Marekani, Caroline Hunter na Ken Williams, walianza kupinga kampuni yao kuuza vifaa vilivyotumika kupigia picha za pasi za ubaguzi Afrika Kusini. Ile kamera ya vitambulisho ilikuwa na kitufe cha kuongeza nguvu ya flashi. Kwa hiyo mwanga mwingi juu ya uso mweusi si jambo jipya. Kuna waliolifikiria mapema sana, kwa nia mbaya. Flashi ya usoni inaubapaza uso wa mzee, inageuza makunyanzi kuwa ramani. Mimi nilitaka mwanga wa dirishani tu, unaotoka upande mmoja, na lenzi ya kuunywa wote.

Basi nikaanza kutafuta. Kwa miaka miwili nilitumia milimita 50 f/1.8 kwenye kamera yenye kitambuzi kidogo, ambako inakuwa kama milimita 80. Nawashauri kabisa wasio na hela: hiyo ndiyo njia, na nusu ya picha za harusi mnazozipenda Njiro na Sakina zimepigwa hivyo. Ninaiheshimu. Kisha nikapata kamera ya mtumba yenye kitambuzi kikubwa, na hesabu ikaanza upya.

Rafiki mmoja akaniazima Jupiter-9, ya Kisovieti, milimita 85 f/2. Baada ya vita Warusi walibeba michoro ya Zeiss, na hii ni Sonnar ileile ya Bertele iliyobadilishwa pasipoti. Nzito, fokasi ya kuzungusha kwa mkono. Kioo chake kilishaota ukungu ndani na kila dirisha liligeuka wingu la maziwa. Niliipenda jinsi ninavyopenda kaseti. Picha mbili kati ya 40 ndizo zilizotua jichoni. Kuzungusha fokasi huku mtu anasimulia ni sawa na kutunga sindano ukiwa kwenye daladala.

Upande wa pili kulikuwa na kishawishi: f/1.2. Canon wanayo ya milimita 85, inazidi kilo moja, kioo kama chupa ya chai. Niliishika mara moja harusini, mwenyewe alikwenda kula. Nikaelewa kwa nini watu wanauza viwanja. Lakini kaa upige hesabu. Kwenye mita 2, kwa f/1.2, eneo lililo kali mbele na nyuma ni kama sentimita 4. Kwa f/1.8 ni kama 6. Bibi akicheka anainama mbele kwa sentimita 5, nimemwona. Kwa f/1.2 kila akicheka nampoteza. Tena mkono wenye kilo ya kioo pamoja na kamera, baada ya robo saa unaanza kutetemeka kuliko wake.

Nikanunua f/1.8, ya mwaka 1992 kwa mchoro wake, gramu 425, kutoka kwa kijana aliyekuwa anaacha upigapicha kwenda kufuga kuku Usa River. Laki sita, baada ya kubembelezana. Akaniambia, "Bro, hii lenzi haina stori." Nikamwambia ndiyo naitaka hivyo.

Kabla ya kwenda kwa Bibi nilifikiri sana juu ya picha moja ambayo wote mmeiona. Mwaka 1984 Steve McCurry alimpiga binti wa Kiafghani kwenye kambi ya wakimbizi karibu na Peshawar, kwa Nikkor ya milimita 105 f/2.5, ndugu mdogo wa zile lenzi za Duncan. Ikatokea kwenye jalada la National Geographic Juni 1985. Macho yale ya kijani yakazunguka dunia nzima. Jina lake, Sharbat Gula, halikujulikana hadi alipotafutwa mwaka 2002, na ndipo yeye mwenyewe alipoiona picha ile kwa mara ya kwanza. Miaka 17. Kiufundi siwezi kuikosoa hata kidogo. Umbali ni sahihi, mwanga ni sahihi, fokasi iko jichoni. Ila nikiweka pembeni ya zile za Leipzig zisizo na majina, naona lenzi imesogea karibu mara mbili na swali limebaki palepale.

Kwa hiyo nilimwambia. Nilifika Jumamosi, nimepitia sokoni Tengeru kumchukulia sukari na majani ya chai.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Umekuja na hilo dude."

"Nimekuja nalo. Nataka picha yako."

"Ya nini?"

Nikatafuta maneno. Huwezi kumwambia mzee moja kwa moja. Nikasema ya ukumbusho, ya wajukuu, ya ukutani. Akaniangalia vile wanavyokuangalia wakijua unazunguka mbuyu.

"Ya msiba," akasema.

Nikanyamaza.

"Mlimweka babu yako mtu wa ajabu pale. Mimi mnaniweka nani?"

Akainuka, akaenda chumbani, akakaa muda mrefu. Alirudi na kitenge kingine na kilemba cha kanisani, akakivua kilemba, akakivaa tena, akakivua. Nywele zake zote ni nyeupe. Nikamkalisha kwenye kigoda pembeni ya dirisha la jikoni, ukuta mweusi wa moshi nyuma yake. Hatua mbili. Kasi 125, hisia ya mwanga 1600. Nilianza na f/1.8, nikabana kidogo hadi f/2.2 kwa sababu lenzi nyingi za tundu pana zikifunguliwa mwisho huacha uzi wa zambarau kwenye kingo za kitu cheupe, na nywele zile sikutaka ziwe za zambarau. Fokasi kwenye jicho la kushoto.

Alikaa kama watu wa Leipzig. Wima, mikono magotini, amebana midomo. Nikapiga tatu za hivyo, kwa heshima, maana hiyo nayo ni sura yake na ana haki nayo. Kisha nikamuuliza wale kuku walikuwa wangapi.

"Sita," akasema. "Hapana. Sita pamoja na yule."

Nilipiga kama 30 wakati anasimulia. Nyingi mbovu. Kwenye tano hivi amefumba macho, kwenye nyingine mkono umepita mbele ya mdomo, kwenye moja paka. Nilimwonyesha zote kwenye kioo cha kamera, akiwa ameishika kwa mikono miwili kama bakuli la loshoro. Alizipita zile tatu za mwanzo bila kusema kitu. Akasimama kwenye moja, ambayo mimi nilidhani ni ya kufuta, kilemba kiko pajani na jicho moja dogo kuliko lingine.

"Hii," akasema. "Lakini shangazi yako asiniwekee maua."

Niliisafisha mjini kwa ukubwa wa inchi 12 kwa 16. Nyuma nimeandika jina lake lote, la baba yake, na Ngarenanyuki. Ameifunga kwenye kanga, iko chini ya godoro, na wageni haruhusu waione.